Sahani Isiyo na Duara

Saa tisa usiku, kitanda namba tano. Joto nyuzi 39.4, presha imeanza kushuka, makohozi yaliyokuwa meupe jana yake sasa ni ya njano, mazito, yanaziba mpira wa kupumulia kila baada ya saa moja. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, siku yake ya sita kwenye mashine. Daktari wa zamu alimpima, akaandika meropenemu, antibayotiki ya kutundika, akaniambia, "Sista, ianze sasa hivi." Nikaianza. Dawa ilikuwa kabatini, mshipa ulikuwa tayari, na dakika kumi hazikupita ikawa inaingia. Nilijiona hodari.

Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, mwenzangu aliniuliza swali moja tu: "Damu ya kuotesha ilichukuliwa kabla au baada?"

Ni damu inayopelekwa maabara kuona kama bakteria wataota. Ilichukuliwa baada. Tena saa tatu baada, nilipopata nafasi. Na makohozi hayakuwa yamechukuliwa kabisa. Yalikwenda maabara siku ya pili jioni, daktari mwingine alipopekua faili na kukuta pengo.

Nimefanya kazi ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, miaka kumi na moja. Niliyoyajua kuhusu usugu wa dawa, yaani bakteria kutouawa tena na dawa, kabla ya kitanda kile yalikuwa ya kujibia mtihani.

Majibu ya damu yalirudi: hakuna kilichoota. Ukiyasoma haraka unafurahi. Lakini homa haikushuka, na hatukujua kimya kile kina maana gani. Huenda mdudu, yaani bakteria, hakuwemo kwenye damu tangu mwanzo. Huenda alikuwemo, dawa ikamdhoofisha kiasi cha kutoota kwenye chupa ilhali mwilini bado yupo. Sampuli iliyochukuliwa baada ya dawa inakuachia maswali yote mawili, na hakuna namna ya kurudi nyuma kuichukua upya. Kuchukua kabla kungenila dakika tano, pengine saba. Sisemi dawa isubiri. Mgonjwa aliye kwenye mshtuko wa maambukizi anapaswa kupata dawa ndani ya saa moja, na mshipa ukikataa kutoa damu huwezi kuizuia dawa kwa ajili ya chupa. Ila usiku ule mshipa haukukataa. Nilisahau tu, kwa kuwa kichwani mwangu dawa ndiyo ilikuwa kazi na sampuli ilikuwa karatasi.

Siku ya tano simu ya maabara ililia. Mtaalamu wa maabara hakunisomea majibu. Alisema, "Shuka uone mwenyewe."

Sahani ya kuoteshea ni kitu kidogo, upana wake kama kiganja, ndani ina chakula cha bakteria kilichoganda, rangi ya majani makavu. Juu yake vimepangwa vidonge vya karatasi nyeupe, kila kimoja kipana milimita 6, kila kimoja na herufi za dawa yake. Bakteria wakipakwa juu ya sahani na kuachwa usiku kucha kwenye joto la mwili, wanaota kama ukungu. Dawa ikiwaweza, kidonge chake kinazungukwa na duara safi, mfano wa mwezi wenye wingu pembeni. Alinionyesha kwanza sahani ya mgonjwa mwingine, wa wodi ya kawaida. Maduara matano, makubwa, mazuri. Kisha akanisogezea ya kwetu.

Haikuwa na duara hata moja. Ukungu ulikuwa umetambaa hadi kwenye ukingo wa kila karatasi, umeigusa, kama vile karatasi zile zilichovywa kwenye maji matupu. Seftriaksoni, hakuna. Gentamisini, hakuna. Siprofloksasini, hakuna. Meropenemu, ile niliyokuwa naitundika kila baada ya saa nane kwa siku tano huku nikiangalia saa isipitilize hata dakika, ukungu umefika mpaka mlangoni.

"Acinetobacter baumannii," akasema. Ndilo jina la bakteria wa yule mama. Nikamuuliza kuhusu kolistini, dawa yetu ya mwisho, mbona siioni. Akanieleza kwamba molekuli yake ni kubwa, haisambai vizuri kwenye chakula kilichoganda, kwa hiyo sahani ya namna hii ingetudanganya; inapimwa kwenye majimaji, kwa kuizimua hatua kwa hatua. Majibu yake yangechukua muda zaidi.

Nilibaki nimeishika ile sahani. Siku tano nilikuwa nampa yule mama dawa ambayo mdudu wake hata hakuihisi, na kila zamu nikiandika kwenye chati "antibayotiki inaendelea".

Mtaalamu yule alikuwa na subira, akanichorea nyuma ya fomu jinsi mdudu anavyojilinda. Ana vimeng'enya vinavyoikata dawa kabla haijafanya kazi. Ana pampu kwenye ukuta wake zinazoitapika iliyofanikiwa kuingia. Na vile vitundu ambavyo dawa hupitia, anaweza kuvipunguza au kuvifunga. Kilichonikaa zaidi ni plazmidi, kijiduara cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa jamii tofauti, mithili ya mwanafunzi anayepitisha majibu ya mtihani chini ya dawati. Klebsiella, bakteria mwingine, akipata karatasi hiyo leo, hana haja ya kuhangaika na somo.

Kwa hiyo tukaingia kwenye kolistini. Ni dawa iliyoanza kutumika kwa wagonjwa miaka ya 1950, ikawekwa kando kuanzia miaka ya 1970 kwa sababu inaumiza figo na neva na dawa salama zaidi zilikuwa zimepatikana. Haikurudi kwa kuwa iliboreshwa. Ilirudi kwa sababu zile salama zimeanza kukataliwa na wadudu. Nayo haiko salama: mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayobeba usugu wa kolistini kwenye plazmidi, yaani ile ile karatasi ya chini ya dawati.

Kijana wa yule mama alikuwa anakuja kila jioni. Aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Sista, kwa nini hamumpi dawa kali zaidi?" Sikuwa na jibu zuri, na tangu siku hiyo nimeliacha hilo neno "kali". Limetupotosha sana, sisi na ndugu wa wagonjwa. Meropenemu si kali kuliko penisilini kwa maana ya kuua zaidi. Ni pana, inagusa aina nyingi za bakteria. Mdudu anayewezwa na penisilini anakufa vizuri tu kwa penisilini. Ukimrushia dawa pana unaua na majirani wote wasio na hatia walioko tumboni na mdomoni, na anayebaki ni yule aliyezoea kuishi bila majirani. Nilimwambia kijana kwamba dawa iliyobaki inaweza kuumiza figo za mama yake na kwamba tutahesabu mkojo kila saa. Akauliza, "Mtahesabu halafu?" Nikasema, "Tutajua mapema." Siku ya nne ya kolistini mkojo ulishuka kutoka mililita 60 kwa saa hadi 20. Tulijua mapema. Hilo tu.

Swali lililofuata ndilo lililonikosesha usingizi: mdudu yule alitoka wapi? Mama aliingia na tumbo, hakuingia na Acinetobacter.

Siku kumi kabla yake, kitanda namba tatu, kulikuwa na kijana wa ajali aliyekuwa na mdudu huyo huyo, usugu ule ule dawa kwa dawa. Msimamizi wa kuzuia maambukizi, mwanamume mpole asiyependa kelele, alikuja akaomba kiti. Akakaa kona ya chumba na karatasi yake kwa saa nzima. Baada ya dakika ishirini nilimsahau. Alipomaliza aliniita pembeni, akanisomea mikono yangu. Sijui niiteje vinginevyo.

"Saa nne na dakika kumi umevaa glavu. Umemwaga mkojo wa namba tatu. Kwa glavu hizo hizo umezima kengele ya monita yake. Umevuta pazia. Umeshika kalamu, umeandika. Umerekebisha dripu. Umevua glavu. Umekwenda namba tano, namba tano alikuwa anakohoa, umeshika mpira wake wa kupumulia."

"Nilipovua glavu sikunawa?"

"Hukunawa."

Ningeapa kwamba nilinawa. Sikuwa nadanganya, kumbukumbu yangu ilinijazia pengo. Tunajua nyakati tano za kusafisha mikono, zimebandikwa ukutani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Nilikuwa nafundisha wanafunzi nyakati hizo. Kitakasa mikono cha spiriti kinataka sekunde 20 hadi 30 tu. Shida yangu ilikuwa glavu. Glavu zilinipa hisia ya usafi, na nikaichukulia hisia hiyo kama usafi wenyewe. Glavu ile ilinilinda mimi. Ilichogusa ikakipaka, na nilipoivua mkono wangu nao haukuwa salama, kwa sababu glavu hupata vitobo visivyoonekana na uvuaji wenyewe unachafua.

Sitadai kwamba mkono wangu saa nne na dakika kumi ndio uliomwambukiza yule mama. Siku hiyo tayari alikuwa naye. Lakini kama ndivyo mikono yangu inavyotembea nikiwa naangaliwa, basi siku kumi nyuma ilitembea namna gani?

Wakachukua sampuli kwenye vitu. Matokeo yalituaibisha kwa namna ya ajabu. Sakafu, ambayo ilipigwa deki mara tatu kwa siku na iling'aa, haikuwa na shida. Vitasa vya milango havikuwa na shida. Mdudu alikutwa kwenye mkanda wa kupimia presha uliokuwa unahamishwa kutoka kitanda hadi kitanda, na kwenye vitufe vya mashine ya kupumulia. Acinetobacter ana sifa hiyo, anaweza kukaa kwenye kitu kikavu kwa wiki kadhaa akisubiri. Pseudomonas, bakteria mwingine, yeye anapenda maji, anajenga kwenye mabomba ya masinki, ndiyo maana tuliacha pia ile tabia ya kumwaga maji ya kuogeshea wagonjwa kwenye sinki la kunawia.

Kwenye kikao, kila mtu akiwa na nadharia yake, mama anayefanya usafi wa chumba chetu ndiye aliyesema jambo la maana kuliko yote. Alinyoosha mkono, akasubiri aruhusiwe, kisha akasema: "Mimi niliambiwa nisiguse mashine. Nikadhani manesi ndio wanazifuta." Kimya. Sisi manesi tulidhani zinafutwa na watu wa usafi. Miaka mingapi vitufe vile havikuwa na mwenyewe, sijui. Akaongeza kwamba dawa ya kufutia tunaikausha kwa kitambaa palepale ili mashine ipendeze, ilhali maandishi ya chupa yanasema sehemu ibaki imelowa kwa dakika zilizotajwa. Yeye alikuwa ameyasoma. Mimi sijawahi kuigeuza chupa ile niangalie nyuma.

Tangu hapo kila kitu kwenye chumba kina mwenye jukumu la kukifuta, kwa jina na kwa zamu, na kila kitanda kina mkanda wake wa presha usiohama. Hakuna aliyeandika makala ya kisayansi kuhusu mkanda wa presha wa kwetu.

Ile mipira yenyewe ni hadithi nyingine. Siku mama alipoanza kupata nafuu na tukautoa mpira wa kupumulia, niliuchukua, nikaupasua kwa urefu kabla ya kuutupa. Ndani, kuta zake zilikuwa na utando wa kahawia unaoteleza, umeshika kama ute wa konokono, mzito zaidi kwenye ile ncha iliyokuwa kifuani. Bakteria wakishajenga utando huo wanakaa humo kama watu ndani ya nyumba ya mawe. Dawa inawapata kwa shida sana. Niliuonyesha kila mwanafunzi aliyekuwepo zamu ile. Kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, kusafisha kinywa, kupunguza dawa za usingizi kila asubuhi ili kuona kama mgonjwa anaweza kupumua mwenyewe, haya yote nilikuwa nayafanya kama utaratibu tu. Baada ya kuushika utando ule nilianza kuyafanya kwa haraka ya mtu anayetaka mpira utoke. Kila siku unayoiokoa kwenye mashine ni siku ambayo antibayotiki haitahitajika. Mpira wa mkojo vivyo hivyo, na huo ndio tunaousahau zaidi. Niliwahi kuuliza kwenye mzunguko wa asubuhi kwa nini mgonjwa anayejitegemea bado anao, na hakuna aliyejua aliyeagiza ni nani.

Kuna somo lilinichukua muda mrefu kulikubali, kwa sababu linakwenda kinyume na silika ya nesi. Wiki chache baadaye mgonjwa mwingine makohozi yake yaliota Acinetobacter. Lakini hakuwa na homa, kifua kilikuwa kilekile, oksijeni haikuongezwa. Daktari kijana alitaka kuanzisha kolistini papo hapo. Daktari mkuu akamuuliza, "Unamtibu mgonjwa au unaitibu karatasi?" Mdudu kuishi juu ya mtu si sawa na mdudu kumuumiza mtu. Wengi wanaokaa ICU wiki mbili tatu watamilikiwa na wadudu wa chumba, kooni, kwenye ngozi, tumboni. Huyo unamtenga, unavaa gauni, unanawa, unaweka alama kwenye faili, lakini humpi dawa ya kumuua figo kwa ajili ya mdudu aliyelala. Nilikesha nikimwangalia yule mgonjwa siku tatu nikihofia tumekosea. Hakuugua. Alitoka.

Na kuacha dawa ni vigumu kuliko kuanza. Kuanza ni ujasiri wa saa tisa usiku. Kuacha kunahitaji mtu akae asubuhi, asome majibu, aseme hii inatosha. Nimekuta chati yenye meropenemu siku ya kumi na mbili kwa nimonia iliyokwisha tulia, hakuna aliyeamua iendelee, ila hakuna aliyeandika iishe lini. Nimonia nyingi za mashine zinatosha siku saba. Sasa mfamasia wetu anapita kila asubuhi na maswali yale yale, hata tumemtungia utani: dawa hii ya nini, sampuli iko wapi, inaisha lini. Anabeba jedwali la Shirika la Afya Duniani, lile la mwaka 2017 linalozigawa antibayotiki katika makundi matatu, za mstari wa mbele, za kuangaliwa na za akiba, na ukiandika ya akiba bila sababu atakusubiri mlangoni.

Watu wananiuliza ukubwa wa tatizo. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria. Naiamini namba hiyo, lakini sijawahi kuiona kwenye cheti. Kijana wa kitanda namba tatu alifariki. Cheti kiliandika jeraha la kichwa na nimonia. Ni kweli alikuwa navyo vyote. Je, nimonia ile ingekuwa na duara kwenye sahani yake, angepona? Nilimuuliza daktari mkuu, akanyamaza kidogo, akasema kichwa kilikuwa kimeumia sana. Sikuendelea kuuliza.

Mama wa kitanda namba tano figo zake zilirudi, si zote, lakini alitoka kwa miguu yake akishikwa mkono na kijana wake. Alitoka bado amembeba mdudu kooni, na niliandika hivyo kwenye barua ya kutokea kwa kalamu nyekundu.

Miezi minne baadaye alilazwa tena, kwa jambo dogo, ngiri ya mshono, wodi ya upasuaji. Nilimwona kwenye korido akasimama kunisalimia, akanishika mikono yote miwili. Nikafurahi sana. Kisha nikakumbuka, nikaenda kuangalia faili lake la safari hii. Ilikuwa mpya. Barua ya kalamu nyekundu haikuwemo, alama haikuwepo, na kitanda chake kilikuwa katikati ya safu ya wagonjwa wanane.

Nikanawa, nikarudi ICU, nikapiga simu wodini. Aliyepokea alikuwa nesi mgeni, sauti ya kijana. Nikamweleza kwamba mgonjwa wake wa ngiri anahitaji chumba cha peke yake na mkanda wake wa presha, na kwa nini.

"Anaitwaje huyo mdudu, Sista? Naandika."

Nikamwambia.

"Asine... nini?"

Nikavuta kiti, nikaanza kumtajia herufi moja moja.